Baba mkwe anabonyeza bati, mume anatazama paa

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa sita tangu nilipoolewa Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India. Tunaishi Kothrud pamoja na wazazi wa mume wangu, na kwa kuwa skuta yake haitutoshi tena baada ya mtoto wa pili kuzaliwa, familia imekubaliana kununua gari jipya lisilozidi rupia laki 11, likiwa limekwisha kusajiliwa na kukatiwa bima. (Tulipoingia shorumu kwa mara ya kwanza, muuzaji alizungumza Kihindi, nami kila baada ya maneno mawili nikasikia gari, laki na bima, hata nikajidanganya kwa dakika nzima kwamba naielewa lugha hiyo vizuri.)

Baba mkwe anataka sedani. Kwake yeye, gari lisilo na buti lililochomoza nyuma halijakamilika, na jambo hilo halina mjadala nyumbani kwetu. Baada ya wiki tatu za kuzunguka tumebakiwa na magari mawili, yaani Maruti Suzuki Dzire na Honda Amaze, yote ya umbo jipya lililotoka mwishoni mwa mwaka 2024, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba mkwe, ambaye ana miaka 71, hupita akibonyeza mabati ya gari kwa kidole gumba. Katika gari moja kati ya hayo, ambalo naomba nisilitaje, bati lililo karibu na kifuniko cha mafuta lilibonyea kidogo na kurudi kwa mlio, naye akatamka mbele ya muuzaji kwamba hilo ni debe. Shemeji yangu naye alifungua boneti, akakuta rangi imepita juu juu tu na boneti lenyewe likishikiliwa na fimbo ya chuma, akaanza kuhesabu mambo ambayo kiwanda kimetubania: breki za nyuma ni za dramu, spea tairi ni ndogo kuliko tairi nyingine nne, na sanduku la dashibodi halina hata taa. Mume wangu hasikii lolote kati ya hayo. Yeye ameona toleo lenye dirisha linalofunguka kwenye paa, na tangu siku hiyo akili yake iko huko juu.

Mimi nimekulia katika magari ya Japani yaliyotumika. Corolla ya marehemu baba ilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu, lakini mlango wake ulipofungwa ulitoa sauti nzito, kama kifuniko cha kasha la mbao. Sijaisikia sauti hiyo katika gari lolote jipya la bei yetu hapa.

Matumizi yetu ni haya: mume wangu atakwenda kazini Hinjawadi, takribani kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, karibu zote katika foleni; baba mkwe ataendesha mara mbili kwa wiki, ingawa ana maumivu ya shingo ya siku nyingi; mimi na mama mkwe tutakaa nyuma na watoto; na mara mbili kwa mwaka tutakwenda Kolhapur kwa ndugu. Naomba unisaidie kutofautisha ubahili wa kiwanda unaodhuru na ule usiodhuru, kisha uniambie kwa uwazi tununue lipi na toleo gani.

Mkamwana, Pune

*

Dada Mkamwana,

Nianze na kidole gumba cha baba mkwe, kwa sababu kinaheshimika kuliko kinavyostahili. Bati la nje la ubavu wa gari ni ngozi tu. Kinachowalinda mliomo ndani ni mifupa iliyo chini yake, yaani nguzo za milango, mihimili ya sakafu na sehemu za mbele zilizotengenezwa zijikunje kwa mpango ili nguvu ya mgongano isifike kwenye magoti yenu, na mifupa hiyo haibonyezeki kwa kidole wala haisikiki mlango unapofungwa. India ilijifunza jambo hili kwa fedheha mwezi Januari 2014, pale Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, lilipotangaza matokeo ya kugongesha kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa magari 5 madogo yaliyokuwa yakiuzwa huko bila mifuko ya hewa. Yote matano yalipata nyota 0 kwa ulinzi wa watu wazima. Moja lilikuwa Volkswagen Polo, gari ambalo mtu yeyote wa kubonyeza mabati angelipa alama zote. Fremu yake ilistahimili kweli, lakini bila mifuko ya hewa waliomo wasingenusurika na majeraha mabaya. Polo hiyo hiyo ilipopimwa ikiwa na mifuko miwili ilipata nyota 4. Katika baadhi ya magari mengine manne, chumba chenyewe cha abiria kiliporomoka. Kwa nje, mnunuzi asingeona tofauti hiyo.

Dzire mnayoitazama ilipata nyota 5 za Global NCAP kwa watu wazima na 4 kwa watoto mnamo Novemba 2024, ikiwa na mabati hayo hayo membamba. Mtengenezaji ametumia chuma kigumu mahali panapohitaji ugumu na chuma chepesi mahali pasipohitaji, na wepesi huo ndio unaomfanya mume wako asimame kituo cha mafuta mara chache. Kwa hiyo neno debe liondoke katika mazungumzo ya familia, kwa heshima zote kwa mzee.

Ubahili mkubwa kuliko wote katika magari hayo mawili umekaa wazi mbele ya macho yenu, ila hakuna aliyeutaja. Pimeni urefu wake: kila moja lina milimita 3,995. Tangu mwaka 2006 serikali ya India imekuwa ikitoza kodi ndogo kwa gari lisilofika mita 4 lenye injini ya petroli isiyozidi sentimita za ujazo 1,200, na kwa sababu hiyo viwanda vilichukua magari yasiyo na buti, vikayabandika buti fupi, vikaishia milimita chache kabla ya mstari. Tata ilitangulia na Indigo CS mwaka 2008, na Dzire yenyewe ilikatwa mkia mwaka 2012 ili iingie katika kundi hilo. Tangu tarehe 22 Septemba 2025 kodi ya magari hayo imeshuka kutoka asilimia 29 hadi 18, ilhali sedani iliyovuka mita 4 hulipa asilimia 40. Ndiyo kusema, mnapolalamika kuwa buti limebanwa au kwamba kiti cha nyuma kimesimama wima kuliko mlivyotarajia, lawama nusu ni ya kiwanda na nusu ni ya sheria, na mmelipwa fidia yake katika bei. Corolla ya marehemu baba yako haikutengenezwa kwa mnunuzi aliyewekewa mstari wa namna hiyo, wala wewe hukuilipia bei yake ilipokuwa mpya.

Kuna magari mawili ya zamani ambayo ningependa baba mkwe ayakumbuke, kwa kuwa bila shaka aliyaona barabarani. La kwanza ni Logan, ambalo Renault na Mahindra walilileta India mwaka 2007. Lilibuniwa tangu mwanzo kwa ubahili usiofichwa: kioo cha pembeni cha kulia na cha kushoto kilikuwa kile kile ili kiwanda kisitengeneze aina mbili, na dashibodi ilimiminwa kwa pande moja. Ndani lilikuwa na nafasi tele, lakini lilivuka mita 4, likakosa nafuu ya kodi, na wanunuzi wengi wakaliona la kimaskini kwa bei isiyo ya kimaskini. La pili ni Toyota Etios, lililotoka Desemba 2010, lenye wipa moja ya mbele na mita zilizowekwa katikati ya dashibodi. Watu wa shorumu walilisimanga kwa plastiki zake. Madereva wa teksi walilitazama buti lake la lita 595 na sakafu yake ya nyuma iliyokaribia kuwa bapa, wakalinunua na kulitembeza bila huruma hadi lilipoacha kuuzwa mwaka 2020.

Viwanda vilipata somo kutokana na hayo mawili, na kwa maoni yangu si somo jema kwa mnunuzi. Viliona kwamba mnunuzi wa India huadhibu anachokiona siku ya kwanza na huchelewa sana kukizawadia kile anachokigundua mwaka wa nne, basi pesa zikahamishiwa mahali jicho linapotua: skrini kubwa, kitambaa cha rangi mbili, taa zenye umbo la kuvutia, na lile dirisha la paa lililomteka mume wako. Kwa hiyo anayetafuta ubahili siku hizi asianzie kwenye dashibodi.

Orodha ya shemeji yako nitaipitia haraka. Rangi hafifu chini ya boneti, fimbo ya chuma na sanduku lisilo na taa ni ubahili usiomdhuru mtu, na mimi binafsi humheshimu mhandisi anayebana hapo kuliko anayebana kwenye povu la viti. Breki za dramu nyuma si kasoro katika gari jepesi kama hili, kwa kuwa kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na diski za mbele. Dramu huvumilia matope na hushika vizuri gari linapoegeshwa kwenye mteremko. Spea ndogo ni kero ya kweli kwa safari ya Kolhapur, kwa sababu haikusudiwi kwendeshwa mbali wala kwa kasi, lakini ni kero ya kupangia, si sababu ya kulikataa gari.

Mahali ninapotaka mwangalie kwa makini ni pale ambapo wewe na mama mkwe mtakaa. Usikubali kuonyeshwa gari la maonyesho, kwa kuwa shorumu huweka toleo la juu kabisa. Omba kuketi ndani ya toleo lile lile mtakalolilipia. Tazama kama vishikio vya kichwa vya nyuma vinapanda au vimeganda kwenye kiti, maana kilichoganda humfika mtu mrefu shingoni, na gari likigongwa kwa nyuma shingo ndiyo inayoumia. Vuta mkanda wa katikati uone kama unapita begani kama mingine au unazunguka kiuno tu. Penyeza vidole katikati ya mgongo na makalio ya kiti utafute zile pete za chuma za kufungia kiti cha mtoto. Hakikisha kuna matundu ya kiyoyozi nyuma, kwani matoleo ya chini hunyimwa mara nyingi, na Mei ya Pune unaijua kuniliko. Kisha fungua buti, ulifunge polepole, na utazame ile mikono miwili iliyopinda inayolishika: je, inashuka hadi wapi ndani ya nafasi ya mizigo? Buti la Dzire limeandikwa lita 382 na la Amaze lita 416, lakini sanduku la nguo halijui lita, hivyo nendeni na sanduku lenu la safari mlijaribu papo hapo. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Uzuri ni kwamba katika magari haya mawili kiwanda hakikuruhusiwa, au hakikuthubutu, kubana katika ulinzi wa msingi. Yote mawili yana mifuko 6 ya hewa na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze tangu toleo la chini, jambo ambalo halikufikirika kwa bei hii mwaka ule wa 2014. Matokeo yake kwa mfuko wenu ni makubwa: pesa mnayoongeza kupanda toleo hainunui usalama mwingi, inanunua starehe na mapambo. Dirisha la paa la Dzire linapatikana katika toleo la juu kabisa pekee. Amaze ya juu kabisa ina kamera inayosaidia kufunga breki na kufuata mstari wa barabara, na katika foleni ya Hinjawadi, ambako skuta tatu hukaa ndani ya mstari mmoja, sioni kamera hiyo ikipata siku ya amani. Toleo la kati katika gari lolote kati ya haya ndilo ninalolishauri.

Sasa tufike kwenye gia, ambako ndiko tofauti halisi ilipo. Dzire isiyo na klachi ya mguu ina giaboksi ile ile ya kawaida iliyofungiwa kifaa kinachokanyaga klachi na kubadili gia kwa niaba ya dereva. Ni njia ya bei nafuu, nayo hula mafuta kidogo mno. Kiwandani imepimwa kilomita 25.71 kwa lita. Lakini kila inapobadili gia nguvu hukatika kwa kitambo kidogo, na kichwa cha dereva huenda mbele na kurudi kama cha mtu anayekubali hoja. Amaze isiyo na klachi hutumia mkanda unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayobadilisha upana wake, haina hatua za gia, basi haimtikisi mtu; hiyo imepimwa kilomita 19.46 kwa lita. Tena injini ya Dzire ina silinda 3 na ya Amaze silinda 4, kwa hiyo gari likisimama kwenye taa za barabarani mtahisi mtetemo kidogo zaidi katika Dzire. Hapo ubahili upo, na unahisiwa kila siku.

Tufanye hesabu. Kwa safari za kazini, za baba mkwe na za Kolhapur, tuseme mtatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Kwa vipimo vya kiwandani Dzire itakunywa lita 467 na Amaze lita 617. Foleni itaziongeza zote mbili, lakini tukishika tofauti hiyo ya lita 150 na tukichukulia petroli kuwa rupia 105 kwa lita, ni takribani rupia 15,750 kwa mwaka. Ongezeni na bei ya kununulia: Dzire ilitoka mwaka 2024 ikianzia rupia laki 6.79 na Amaze laki 7.99, kabla ya usajili na bima, na ingawa kodi mpya imezishusha zote, Amaze bado ndiyo ya juu. Vilevile Dzire huuzika haraka ikiwa mitumba, na mafundi wake wamejaa hadi miji midogo.

Kama dereva angekuwa mume wako peke yake na angekubali gia za mkono, ningekuambia mnunue Dzire ya toleo la kati mkamaliza leo. Lakini kuna shingo ya baba mkwe, na kuna saa nyingi za foleni kila wiki. Kwa nyumba yenu nachagua Amaze isiyo na klachi, toleo la kati, kwa masharti kwamba baba mkwe ayaendeshe magari yote mawili kwa nusu saa katika foleni ya jioni, si kuzunguka shorumu asubuhi barabara ikiwa tupu, nanyi nyote mkiwa ndani. Akishuka kwenye Dzire bila kuishika shingo yake, basi chukueni hiyo na rupia zinazobaki mzifanyie jambo jingine. Kuhusu gesi ya CNG, ambayo muuzaji ataigusia, mtungi wake humeza sehemu kubwa ya buti lile lile ambalo mzee analipenda.

La mwisho ni karatasi ya bei. Ile laki mliyoiona ukutani si laki mtakayoilipa: Maharashtra hutoza kodi ya barabara ya asilimia 11 kwa gari la petroli lililo chini ya laki 10, na gari jipya ni lazima likatiwe bima ya madai ya watu wengine ya miaka 3. Hayo ni ya lazima. Bima ya shorumu si ya lazima, mna hiari ya kuitafuta kwingine, na vivyo hivyo vifurushi vya mazulia, vifuniko vya viti na dawa ya kung'arisha rangi ambavyo huandikwa katikati ya karatasi kana kwamba ni kodi ya serikali. Ombeni kila mstari uandikwe peke yake, na mwachieni shemeji yako aisome karatasi hiyo kwa jicho lile lile alilolitumia chini ya boneti.

Mshauri